Hadithi zisiwekwe nyuma ya herufi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wazazi, walezi na walimu wenzangu wa madarasa ya awali kuhusu jambo ambalo naona linazidi kupoteza hadhi yake, nalo ni kuwasomea na kuwasimulia hadithi watoto ambao bado hawajajua kusoma. Mtoto wa miaka minne akikutana na mgeni, swali la kwanza analoulizwa ni kama anazijua a, e, i, o, u, na mzazi wake huona fahari au aibu kulingana na jibu litakalotoka. Ni nadra kumsikia mtu akimwuliza mtoto huyo ni hadithi gani anayoipenda, au akimwomba aisimulie. Hadithi imeachiwa muda wa mabaki, baada ya kazi zote zinazohesabika kuwa za maana kumalizika, na pale ambapo muda huo haupatikani hakuna anayeona kwamba mtoto amekosa somo. Mimi naamini amekosa somo, tena kubwa, na pengo lake huonekana baada ya miaka kadhaa, wakati ambapo watu wamekwisha kusahau lilianzia wapi.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walitoa maelezo mafupi ya kusoma ambayo hadi leo yanatumiwa sana na wanaochunguza elimu ya watoto. Walisema kwamba kusoma kwa kuelewa hutokana na mambo mawili: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno yanayotamkika, na uwezo wa kuelewa lugha inapozungumzwa. Hawakusema kwamba mambo hayo yanajumlishwa, walisema yanazidishwa. Kama ilivyo katika hesabu, chochote kikizidishwa kwa sifuri jibu lake ni sifuri, na kwa hiyo mtoto anayetamka kila neno bila kuelewa lugha yake hajasoma, sawa na yule anayeelewa lugha vizuri lakini hawezi kutambua herufi hata moja.

Kwetu sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili, jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu maandishi yetu ni mepesi kutamka. Irabu ni tano tu, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na mtoto aliyezishika silabi anaweza kulitamka karibu neno lolote linalowekwa mbele yake, hata lile ambalo hajawahi kulisikia. Huo ni utajiri, maana watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza huhitaji muda mrefu zaidi kufika hapo. Lakini utajiri huo huo huficha udhaifu. Mtoto huweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, mwalimu akamwekea alama ya vema, mzazi akafurahi, na kumbe ukimwuliza ni nani aliyekuwa akitafutwa katika habari ile, anabaki kukutazama. Hakuna aliyekuwa amemwandaa kwa sehemu ya pili ya kazi, na kwa kuwa sehemu ya kwanza aliimudu upesi, hakuna aliyeshtuka.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo ambayo hadithi huijenga. Lugha ya maandishi haifanani na lugha tunayomtumia mtoto kutwa nzima. Kutwa tunamwambia njoo, kaa, nawa, vaa, acha hicho. Sentensi ni fupi, na kinachozungumziwa kiko mbele ya macho yake, hivi kwamba hata asipolielewa neno, mkono unaoonyesha utamwongoza. Hadithi haiko hivyo. Humo kuna watu ambao hawapo chumbani, kuna jana ambayo si jana yetu, na kuna sentensi kama hii: “Alipofika kisimani akawakuta wenzake wamekwisha kuondoka, naye asingalijua walikoelekea kama si ndege aliyemwambia.” Katika sentensi hiyo moja mtoto anapaswa kutambua lipi lilitangulia na lipi likafuata, nani anajua nini na ameambiwa na nani, na ni jambo gani lingetokea lakini halikutokea. Viambishi vinavyobeba maana hizo hatumfundishi mtoto mdogo kwa kanuni, na hata tukijaribu hatatuelewa. Anavipata kwa kuvisikia mara nyingi mahali vinapofanya kazi. Atakapovikuta baadaye katika kitabu cha darasa la tatu, atakuwa anakutana na wenyeji wake.

Maneno nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens, watafiti wa Marekani, walilinganisha lugha ya vitabu vya watoto na mazungumzo ya watu wazima waliosoma hadi chuo kikuu. Walikuta kwamba maneno adimu yalikuwa mengi zaidi katika vitabu vya watoto wa shule kuliko katika mazungumzo ya wasomi hao, na hata vile vitabu vyepesi vya watoto ambao hawajaanza shule havikuachwa mbali na mazungumzo hayo. Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba anaongea na mwanawe vya kutosha, na namwamini, bado kuna maneno ambayo mazungumzo ya nyumbani peke yake hayatayafikisha masikioni mwa mtoto.

Hata hivyo, Mhariri, nisingependa mtu aelewe kwamba kinachotakiwa ni kushika kitabu na kukisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho huku mtoto ameketi kimya. Hapa ndipo ninapotamani kila mzazi angesimama kidogo. Mwaka huo huo wa 1988, Grover Whitehurst na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu watoto wa kati ya miezi 21 na 35 waliokuwa wakisomewa vitabu vya picha nyumbani. Wazazi wa makundi yote mawili waliendelea kuwasomea watoto wao. Tofauti ilikuwa kwamba wazazi wa kundi moja walifundishwa namna ya kumfanya mtoto azungumze: kuuliza maswali ambayo hayajibiwi kwa ndiyo au hapana, kulipokea jibu la mtoto na kulirefusha, kusifu jitihada yake, na kupunguza kusoma moja kwa moja bila kumshirikisha. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi hilo walikuwa mbele ya wenzao katika vipimo vya kujieleza kwa maneno kwa kiwango kinacholingana na miezi sita hadi minane na nusu ya ukuaji. Miezi tisa baadaye bado walikuwa mbele, ingawa tofauti ilikuwa imepungua. Familia zilizoshiriki hazikuwa nyingi, na zote zilikuwa za kipato cha kati, kwa hiyo ni haki kuyapokea matokeo hayo kwa kiasi. Lakini mbinu yenyewe imejaribiwa tena mara nyingi na watafiti wengine, wakiwemo waliofanya kazi na familia maskini na walimu wa watoto wadogo, na mwelekeo wa jumla umekuwa ule ule, kwamba mtoto anayezungumza wakati wa kusomewa hufaidika zaidi kuliko anayesikiliza tu.

Mbinu hiyo haihitaji cheti. Mtoto akigusa picha na kusema “Mbwa,” mama anaweza kuitikia, “Ndiyo, ni mbwa mkubwa, na anakimbia. Unadhani anamkimbilia nani?” Mtoto akijibu “Paka,” mama anarefusha: “Anamkimbilia paka aliyepanda juu ya ukuta. Hebu niambie, paka amepanda wapi?” Katika mazungumzo hayo mafupi mtoto amesikia neno lake likikua na kuwa sentensi, na amepata nafasi ya kuijaribu sentensi hiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Anapozidi kukua maswali nayo yakue: kwa nini alikasirika, ungekuwa wewe ungefanya nini, unafikiri kitatokea nini tukifunua ukurasa? Ninachoomba ni kwamba maswali hayo yasigeuke mtihani. Mtoto anayeulizwa kila baada ya sentensi mbili, kisha akakemewa anapokosea, hujifunza haraka kwamba kitabu ni chombo cha kumwaibisha, na chuki hiyo ni vigumu sana kuiondoa baadaye. Siku nyingine asomewe tu, ameegemea bega la amsomeaye, na asiulizwe chochote.

Kuna malalamiko ambayo nimeyasikia kwa wazazi wengi, kwamba mtoto anang’ang’ania hadithi ile ile kila siku na hataki nyingine. Nawaomba wamvumilie, kwa maana anajua anachokifanya. Jessica Horst na wenzake nchini Uingereza walionesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa vitabu vile vile mara kadhaa walijifunza maneno mapya vizuri zaidi kuliko wenzao waliokutana na maneno hayo hayo, kwa idadi ile ile ya mara, katika vitabu tofauti tofauti. Mara ya kwanza mtoto anahangaika kujua nini kinatokea. Akishajua, akili yake inapata nafasi ya kuyasikiliza maneno yenyewe. Na mwalimu au mzazi anayelieleza neno gumu kwa kifupi anapolifikia, kisha akaendelea na hadithi, anaongeza faida hiyo: Warwick Elley, aliyefanya kazi na wanafunzi wa New Zealand, aliripoti mwaka 1989 kwamba watoto waliosomewa hadithi bila maelezo yoyote waliongeza takriban asilimia 15 ya maneno yaliyopimwa, na waliopewa maelezo mafupi waliongeza takriban asilimia 40.

Nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu ya ukweli. Wapo wanaodai kwamba ukimsomea mtoto vya kutosha atajua kusoma mwenyewe bila kufundishwa, na madai hayo si sahihi. Mwaka 2005 Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin wa Kanada walifuatilia macho ya watoto wadogo walipokuwa wakisomewa, wakakuta kwamba macho hayo hukaa kwenye picha karibu muda wote na ni mara chache sana hugusa maandishi. Herufi haziingii kichwani kwa kuwa tu ziko kwenye ukurasa. Ndiyo maana inafaa mtu mzima, bila kuivuruga hadithi, apitishe kidole chini ya maneno mara moja moja, aoneshe jina la kitabu liko wapi, aulize tunaanzia upande gani, na alinganishe herufi ya kwanza ya jina la mtoto na ile iliyopo kwenye ukurasa. Laura Justice na Helen Ezell walionesha mwaka 2002 kwamba watoto waliosomewa kwa namna hiyo walizijua herufi na desturi za maandishi zaidi ya wenzao waliosomewa kwa kuelekezwa kwenye picha tu. Kabla yao, Marie Clay wa New Zealand alikuwa amekwisha kuonesha jinsi kitu ambacho sisi watu wazima tunakiona cha wazi, kama vile kwamba tunasoma maandishi na si picha, au kwamba mstari ukiisha tunarudi kushoto, kilivyo kigeni kabisa kwa mtoto asiyewahi kukaa na kitabu.

Basi herufi zina kazi yake na hadithi ina kazi yake, na tatizo ni kwamba matunda ya kila moja hayaivi wakati mmoja. Monique Sénéchal na Jo-Anne LeFevre waliwafuatilia watoto nchini Kanada kwa miaka mitano na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002. Wazazi waliowafundisha watoto wao kusoma na kuandika maneno waliwasaidia katika stadi za mwanzo, na stadi hizo zilionekana waziwazi katika kusoma maneno mwishoni mwa darasa la kwanza. Kusomewa vitabu vya hadithi, kwa upande wake, kulihusiana na msamiati na kuelewa kwa kusikiliza, na uwezo huo ulijitokeza katika kusoma kwa watoto hao walipofika darasa la tatu. Nimelikariri jambo hili mbele ya wazazi mara nyingi kwa sababu naona ndiko linakotoka kosa letu lote. Anayepima mwishoni mwa mwaka wa kwanza ataona faida ya herufi na hataona faida ya hadithi, kisha atakata hadithi ili aongeze herufi, na miaka miwili baadaye atashangaa kwa nini mtoto aliyekuwa wa kwanza kusoma darasani sasa haelewi anachokisoma.

Najua kwamba nyumba nyingi hazina kitabu hata kimoja cha watoto, na kwamba wako wazazi na mabibi na mababu ambao wenyewe hawakupata nafasi ya kujua kusoma. Wasidhani kwamba barua hii haiwahusu. Hadithi inayotoka kinywani inambebesha mtoto mzigo ule ule wenye heri: mwanzo, tatizo, majaribio, mwisho, wahusika wenye nia zinazogongana, maneno ambayo hayasikiki katika maagizo ya kila siku. Tena kwa kuwa hakuna picha ya kumsaidia, mtoto analazimika kuviumba vyote kichwani kutokana na maneno peke yake, na hiyo ndiyo kazi atakayotakiwa kuifanya siku atakapopewa kitabu kisicho na picha. Akisimuliwa leo, kesho aombwe asimulie yeye. Atarukaruka, atasahau jina la mhusika, atamalizia katikati, aulizwe kwa upole “halafu ikawaje?” mpaka aufikie mwisho. Lugha iwe ile ambayo msimuliaji anaimudu kikamilifu, hata kama si ile itakayotumika shuleni, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kujua hadithi ni kitu gani na inavyokwenda hatalazimika kujifunza hilo upya katika lugha ya pili.

Nyimbo, vitendawili na michezo ya maneno navyo visidharauliwe. Lynette Bradley na Peter Bryant wa Uingereza waliwapima watoto wa miaka minne na mitano ambao bado hawajaanza kusoma, wakiwataka watambue neno gani kati ya kadhaa halifanani na mengine kwa sauti, mfano kwa Kiswahili ungekuwa kiti, kisu na meza. Katika ripoti yao ya mwaka 1983 walionesha kwamba uwezo huo wa kuzisikia sauti ndani ya maneno ulitabiri maendeleo ya watoto katika kusoma miaka kadhaa baadaye, na kwamba watoto waliofanyishwa mazoezi ya sauti hizo, hasa yalipoambatanishwa na herufi, walisonga mbele zaidi.

Kuhusu umri wa kuanza, sioni sababu ya kusubiri. Anthony DeCasper na Melanie Spence waliripoti mwaka 1986 kwamba watoto wachanga waliitambua hadithi ambayo mama zao walikuwa wakiisoma kwa sauti katika wiki sita za mwisho za ujauzito. Jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani, kwa tamko la mwaka 2014, iliwataka madaktari wawahimize wazazi kuwasomea watoto tangu uchanga. Mtoto wa miezi sita atakitafuna kitabu, na hakuna ubaya. Anajifunza kwamba kitu hiki kina ukurasa, na kwamba kinapofunguliwa sauti anayoipenda humsemesha.

Kwa walimu wenzangu wenye madarasa makubwa, ambao wataniambia kwamba hawawezi kuzungumza na kila mtoto, nasema tu kwamba watoto wawili wakigeuziana nyuso na kuambizana wanachodhani kitafuata, darasa zima limezungumza kwa dakika moja. Simu nayo inaweza kusoma hadithi, na sauti yake inaweza kuwa nzuri, ila mtoto akisema “paka” haitamwuliza amepanda wapi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Gazeti lako linaingia katika nyumba nyingi ambazo kitabu cha watoto hakijawahi kuingia. Tenga sehemu ndogo ya toleo la mwisho wa juma kwa ajili ya hadithi moja fupi ya watoto, iliyopigwa kwa herufi kubwa na yenye picha, na chini yake yawekwe maswali mawili au matatu ya kumsaidia mtu mzima kuanzisha mazungumzo, yasiyo na majibu ya kusahihisha. Hadithi hiyo hiyo irudiwe wiki inayofuata kabla ya kuleta nyingine, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Mimi niko tayari kuandika za kuanzia bila malipo yoyote, na nawaalika walimu na wasimuliaji wanaosoma ukurasa huu wakutumie za kwao, ili mhariri utakayempa kazi hiyo asikose cha kuchagua.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la awali